Samaki Mwenye Kiu: Kutambua na Kutibu Samaki wa Bahari Waliotelekezwa



Likizo ndefu iliyopita nilirudi nyumbani Kitangari nikiwa na begi la nguo, deni la kantini na nia moja tu: kulala. Wiki ya pili simu ikaita. Alikuwa mwalimu wangu wa zamani wa biolojia. "Wewe si ndiye unayesomea mambo ya samaki huko Dar? Hebu njoo maabara. Samaki wa bahari wanakufa, na mimi dawa yao siijui."

Ukweli ni kwamba hata mimi sikuwa na uhakika nayo. Nimekaa Kunduchi semista tano, mitihani ya magonjwa ya samaki nimefaulu, lakini sikuwahi kusimama peke yangu mbele ya samaki mgonjwa huku watu wakingoja nimponye. Makala haya ni somo nililolipata pale, pamoja na kosa langu moja lililogharimu uhai. Nawaandikia wenzangu wa sayansi, na pia yeyote aliyewahi kurithi akwariamu ya ofisi, hoteli au shule ambayo mwenyewe kaondoka na kuiacha.

Mahali penyewe

Kitangari iko wilaya ya Newala, mkoa wa Mtwara, kwenye uwanda wa Makonde. Kwa asiyepajua: udongo wetu ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama, na juu ya uwanda hakuna mito. Bibi zetu walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Hata leo, pamoja na maji ya bomba yanayosukumwa kutoka visima vya Mitema, nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Kiangazi kikikolea, dumu la maji ni fedha.

Sasa fikiria mahali kama hapo, ndani ya maabara ya sekondari, kuna tangi la kioo lenye maji ya bahari. Lililetwa na mtu aliyesoma pale zamani, akapata kazi pwani, akataka watoto ambao hawajawahi kuiona bahari waione hata kidogo. Tangi lina urefu wa sentimita 90 na upana wa 40, na maji yake yana kina cha 35. Ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, ni kama lita 110. Mwanzoni waliingia samaki 9. Nilipofika walikuwa 5: wawili wa rangi ya chungwa wenye mstari mmoja mweupe mgongoni (Amphiprion akallopisos), wawili weusi wenye madoa matatu meupe (Dascyllus trimaculatus), na kangaja mdogo mwenye michirizi myeusi (Acanthurus triostegus). Wanafunzi waliwaita wale wa chungwa "Nemo". Niliwaambia hao ni binamu zake tu. Nemo wa ile katuni ya 2003 ni Amphiprion ocellaris, na huyo haishi pwani yetu.

Mfadhili alihamishwa kikazi, simu zake zikawa hazipatikani. Hita iliungua. Umeme ulikatika siku tatu mfululizo na pampu ikalala. Aliyebaki kuwahudumia ni mzee wa maabara, ambaye kwangu ni mjomba kwa upande wa mama. Kwa sisi Wamakonde, mjomba si mtu wa kunyooshewa kidole. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya kazi, kama mtakavyoona.

Tazama kabla hujagusa

Ukikuta samaki waliotelekezwa, kitu cha kwanza mkono utakachotaka kufanya ni kuingia majini. Uzuie. Vuta kigoda, kaa mbali kidogo na kioo, tulia dakika 15. Samaki akikuona karibu anabadili tabia, na dalili zinajificha. Mimi nilitazama mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, pumzi. Tazama kifuniko cha matamvua kinavyofunguka na kufunga. Hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Samaki mdogo aliyetulia akizidi mara 100 kwa dakika, kuna jambo. Kangaja wetu alikuwa 148. Tazama pia anapumulia wapi. Samaki wote wakijazana juu, au mbele ya mkondo wa pampu, mara nyingi kasoro iko kwenye maji: hewa haitoshi au kuna sumu. Mmoja akihema peke yake na wengine wako sawa, anza kufikiria ugonjwa wa huyo mmoja.

Pili, mapezi na mwendo. Samaki mzima hufungua mapezi yake kama mwavuli. Mgonjwa huyabana mwilini. Angalia kama anajisugua kwenye mawe au mchanga, kama anaogelea upande, kama amejificha pembeni hata chakula kikiingia.

Tatu, ngozi na macho. Rangi imepauka? Kuna ute mwingi, jicho lenye ukungu, pezi lililochanika? Kuna madoa meupe kama chembe za chumvi, au vumbi laini la dhahabu linaloonekana ukimulika tochi kwa pembeni? Shika hiyo tofauti ya chembe na vumbi. Nitairudia.

Nne, tumbo na mgongo. Tumbo likiingia ndani na nyama ya nyuma ya kichwa ikikonda hadi kichwa kionekane kikubwa kuliko mwili, hiyo ni njaa ya muda mrefu au minyoo.

Wakulima wa korosho watanielewa haraka. Mkulima mzuri hasubiri shamba zima liwe jeupe kwa ubwiriunga ndipo apulize salfa. Anapita asubuhi, anageuza majani machanga, anatazama chini yake. Samaki ni hivyo hivyo. Ugonjwa huanza kwenye tabia kabla haujafika kwenye ngozi.

Pima maji, hata kama huna vifaa

Niliandika dalili zangu: wote wanahema, wote wamebana mapezi, kangaja amekonda, hakuna madoa. Hapo mshtakiwa wa kwanza ni maji. Tukapima.

Jotoridi asubuhi lilikuwa nyuzi 21. Samaki wa bahari yetu ya joto wanataka 25 hadi 28, na Newala mwezi wa Julai, mnajua wenyewe, watu wanalala na makoti.

Amonia niliipima kwa vifaa vya matone nilivyokuja navyo kutoka chuoni: miligramu 2 kwa lita. Kwenye tangi lenye afya inatakiwa isomeke sifuri. Amonia inatoka kwenye matamvua ya samaki wenyewe na kwenye chakula kinachooza. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina makali sana. Bakteria hao wanaishi kwenye chujio, mchanga na mawe, na wanahitaji oksijeni. Umeme ulipokatika siku tatu, wengi walikufa, wakaoza, wakaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

pH ilikuwa 7.4. Bahari iko kama 8.1. Maji yakikaa bila kubadilishwa, asidi inayotokana na kazi ya bakteria na pumzi za samaki hula akiba ya kaboneti, na pH hushuka taratibu.

Ikabaki chumvi. Sikuwa na kipimo cha chumvi, lakini kila maabara ya sekondari ina mizani na chupa ya ujazo. Chukua chupa ya mililita 250, ipime ikiwa kavu na tupu, ijaze maji ya tangi hadi alama, ipime tena, toa. Kwa nyuzi 25, maji baridi yatakuwa na uzito wa gramu 249.3, na maji ya bahari ya kawaida, yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, gramu 255.8. Yetu yalisoma 257.7. Piga hesabu: ni kama gramu 45 za chumvi kwa kilo. Nikarudia mara tatu, jibu lile lile.

Nikashangaa, maana tangi lilikuwa limejaa hadi juu. Kwa kawaida chumvi hupanda pale maji yanapopungua. Nikamuuliza mjomba, kwa adabu, maji yakipungua huwa anafanyaje.

"Naongeza, mwanangu. Kila Jumatatu ndoo moja. Na siwapi maji matupu, hapana. Hawa ni wa bahari. Nakoroga chumvi ile ya dukani, nusu kilo, nawamiminia."

Jamani. Mzee alikuwa akinunua ile chumvi kwa hela yake.

Chumvi haipandi mbinguni

Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote kwenye matangi ya bahari, na wanaolifanya ni watu wanaojali. Maji yakikauka kwa jua na upepo, kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi inabaki. Kwa hiyo kujazia upungufu huo unatumia maji baridi, yasiyo na chumvi. Ukijazia kwa maji ya chumvi, kila wiki unaongeza mzigo juu ya mzigo.

Tena chumvi ya dukani si bahari. Sodiamu na kloraidi ni kama asilimia 86 ya chumvi iliyoko baharini. Zilizobaki ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na zile kaboneti zinazoshikilia pH. Kumpa samaki chumvi ya jikoni ni kama kumpa mtoto ugali kila siku bila mboga.

Sasa nilimwambiaje mjomba? Sikumwambia. Nilichukua sufuria ya maabara, nikaweka maji yenye chumvi, nikaomba tuyachemshe pamoja huku wanafunzi wawili waliobaki kambini wakitazama. Maji yakaisha, ganda jeupe likabaki. Mzee akalitazama kwa muda, akaligusa kwa kidole, akaonja. Akasema taratibu, "Kumbe ilikuwa inabaki." Akatoka nje kidogo, kisha akarudi na kuuliza tufanye nini. Siku ile nilijifunza kwamba jaribio dogo linasema jambo ambalo mdogo hawezi kumwambia mkubwa usoni.

Bibi yangu naye, nilipomweleza jioni, aliuliza swali ambalo mhadhiri angelipenda: "Hivi samaki anakunywa maji?"

Samaki wa maji baridi hanywi kwa maana hiyo. Maji yanamwingia yenyewe kupitia matamvua, naye kazi yake ni kuyatoa kwa mkojo mwingi. Samaki wa bahari mwenye mifupa ni kinyume chake. Damu yake ina chumvi kama theluthi moja tu ya ile ya bahari, kwa hiyo maji yanamtoka mwilini muda wote. Lazima anywe bahari bila kukoma, kisha atumie nguvu kuitoa chumvi kupitia matamvua. Amezungukwa na maji, na bado ana kiu. Sasa mpandishie chumvi kutoka 35 hadi 45, mpe baridi, mnyime hewa, mtie amonia inayounguza matamvua yale yale anayoyategemea. Ndiyo maana anahema. Ndiyo maana anakonda hata akila: nguvu yote inaishia kwenye kupambana na kiu.

Bibi akasema, "Basi huyo ni mtu wa huku kwetu."

Kosa langu

Hapa ndipo penye sehemu ngumu. Siku iliyofuata nilipata lifti ya kenta ya mfanyabiashara wa dagaa hadi Mikindani. Nikachota madumu 8 ya lita 20 wakati bahari imejaa, mbali na mdomo wa mfereji. Wakati wa kurudi, utingo alicheka njia nzima: mtu anapeleka maji uwanda wa Makonde, vizuri, lakini mbona ya chumvi?

Nilifika usiku. Mmoja wa wale weusi alikuwa amelala pembeni, anahema vibaya. Nikaona hawezi kusubiri. Nikajaza ndoo maji masafi ya bahari, nikamnyanyua kwa wavu, nikamtia humo. Maji bora kuliko yote aliyowahi kuyapata mwaka ule. Alitulia dakika chache, akaanza kuzungukazunguka, na kufikia asubuhi alikuwa amekufa.

Nilimuua mimi. Nilimtoa kwenye chumvi 45 na pH 7.4, nikamwingiza kwenye chumvi 35 na pH 8.1 kwa mpigo mmoja. Samaki aliyetelekezwa hafi haraka kwa sababu mwili wake umejipanga upya, kidogo kidogo, kuyavumilia maji mabaya. Ukimwamisha ghafla, hata kama unampeleka kwenye maji mazuri, unavunja mpangilio wote mara moja.

Kubadilisha maji yote ya tangi kwa siku moja kungekuwa na hatari ya ziada. Amonia ina sura mbili majini. Ile yenye chaji, amoniamu, ina sumu ndogo. Ile isiyo na chaji hupenya matamvua na kuua. Kinachoamua uwiano wao ni pH. Ukipandisha pH kutoka 7.4 hadi 8.2 huku amonia haijaondoka, sehemu ile yenye sumu inaongezeka karibu mara 6. Yaani unaweza kusafisha tangi nusu, ukaongeza maji mazuri, na samaki wakafa kwa amonia ile ile waliyokuwa wakiivumilia jana.

Kwa hiyo kanuni nitakayoibeba hadi kazini ni hii: tibu maji kwanza, tena polepole, na dawa ije mwisho.

Siku nane za polepole

Tulifanya hivi. Chakula tulisimamisha siku mbili; samaki hafi kwa siku mbili bila kula, na kila punje usiyoitia ni amonia isiyozaliwa. Pampu ya hewa tuliifufua, tukaihamisha upande wa pili wa jengo, kwa sababu dirisha la kwanza lilitazama mikorosho inayopulizwa salfa na dawa nyingine, na pampu huvuta chochote kilichoko hewani. Sifongo ya chujio tuliisuuza kwenye maji tuliyoyatoa tangini. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua bakteria wachache waliobaki. Usiku tangi lililala limefunikwa blanketi pande tatu, na balbu moja ikiwaka karibu, mpaka hita mpya ilipofika kutoka Mtwara. Joto lilipanda kama nyuzi moja kwa siku.

Kuhusu chumvi: kila siku tulitoa lita 6 za tangini kwa mpira, tukivuta uchafu wa chini, na kurudisha lita 6 za maji ya mvua, matone kwa matone, kwa saa tatu. Siku ya kwanza 45 ikawa 42.5, ya pili 40.2, ya tatu 38, ya nne 36. Chumvi kushuka hivyo samaki huvumilia. Kupanda ni kugumu zaidi, kwa hiyo ukitaka kupandisha, usizidi 1 au 2 kwa siku. Baada ya hapo tukabadilisha lita 10 kwa maji ya bahari kila baada ya siku mbili. Amonia ilishuka hadi 1, kisha 0.25. Siku ya nane pumzi za kangaja zilikuwa 92, na yule mkubwa wa rangi ya chungwa alifungua mapezi kwa mara ya kwanza tangu nije. Mjomba alikuwa anahesabu pumzi na kuandika kwenye daftari. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Madoa meupe

Siku ya tisa kangaja akaamka na chembe nyeupe, kama amenyunyiziwa chumvi. Niliikumbuka mara moja: Cryptocaryon irritans, ugonjwa wa madoa meupe wa baharini. Kimelea kilikuwemo siku zote. Uchovu wa samaki ndio uliokifungulia mlango. Nao kangaja na ndugu zake huwa wa kwanza kuupata.

Mzunguko wake lazima uujue, kwa sababu unadanganya. Kimelea hula chini ya ngozi siku 3 hadi 7. Kisha kinadondoka, kinajifungia kwenye kifuko juu ya mchanga au mawe, na humo kinagawanyika. Baada ya siku chache, au wiki kadhaa, watoto wengi wanatoka kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Kwa hiyo madoa yakitoweka yenyewe, usishangilie. Wameshuka chini kuongeza jeshi.

Tiba zipo. Ya kwanza ni shaba. Maabara ilikuwa na chupa nzima ya mrututu, na mwalimu alikuwa tayari kuutia. Nilimsihi asubiri. Shaba inafanya kazi ikiwa kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita, ikipimwa kila siku. Chini ya hapo haiponyi, juu ya hapo inaua samaki. Mchanga na mawe ya matumbawe huinyonya, usijue imebaki kiasi gani, na konokono, kaa na kamba hawaivumilii kabisa. Bila kipimo cha shaba, mrututu uache kabatini.

Ya pili ni kuhamisha samaki kwenye chombo kikavu na maji mapya kila baada ya siku tatu, mara nne, ili vimelea vikishuka viachwe nyuma. Ni nzuri, lakini inataka maji mengi mapya ya bahari, na bahari yetu iko Mikindani.

Ya tatu ndiyo tuliyoichagua: kushusha chumvi hadi 15. Samaki hawa wenye mifupa wanaiweza, kwa sababu hapo maji yanakaribia chumvi ya damu yao na ile kiu inapungua, lakini kimelea hakiiwezi. Tulisafisha pipa la plastiki la lita 60 na kuwahamisha samaki wote wanne katika maji yao wenyewe. Ndani ya saa 48 tukawa tumefikia mchanganyiko wa lita 26 za bahari na lita 34 za mvua. Ikakaa hivyo wiki nne, tukipima kila siku, kwa sababu ikipanda hadi 18 kimelea kinapata nafuu. Maji mepesi namna hiyo hupoteza pH, kwa hiyo tuliongeza baikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo. Tangi lenyewe, pamoja na mawe na kaa wake, tuliliacha bila samaki wiki nane, hita na pampu zikiendelea, ili vimelea vife njaa. Wiki nne za mwisho samaki walikaa pipani huku tukipandisha chumvi taratibu hadi 35.

Ile tofauti ya chembe na vumbi sasa. Ukiona vumbi laini la dhahabu na samaki wanahema sana, huo ni Amyloodinium ocellatum, na unaweza kumaliza tangi zima kwa siku mbili. Kushusha chumvi hakuusaidii. Hapo ni shaba yenye kipimo, na haraka. Na ukiona samaki wa jamii ya Nemo wanatoka ute mzito kama ngozi inayobanduka, fikiria Brooklynella, ambayo hutibiwa kwa fomalini chini ya mtu anayeijua. Kapsuli za rangi mbili za duka la dawa hazifanyi lolote kwa vimelea hivi vitatu. Zinachofanya ni kuwadhuru bakteria wa chujio.

Swali la maji

Wapo mtakaouliza, na pale kijijini waliuliza: kwa nini mnawapa samaki maji wakati watu wananunua? Swali halali. Nilikaa na daftari la mjomba nikajumlisha. Kwa miezi miwili tulitumia madumu 10 hivi ya maji baridi, mengi kutoka kisima cha mvua cha bibi, ambaye alitoa kwa hiari baada ya kuwaona samaki kwa macho yake. Si kidogo. Lakini chumvi iliyotiwa ndani ya lile tangi, samaki watano waliokwisha kufa, na safari yangu ya Mikindani vilitokana na mtu kuletewa viumbe bila kuelezwa jinsi ya kuwatunza. Gharama kubwa ilikuwa kutokueleza.

Wengine walishauri tuwarudishe baharini. Usifanye hivyo. Samaki aliyekaa tangini na kuugua anaweza kupeleka maradhi kwa wenzake wa porini. Na usichukue wapya ovyo: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, iko mkoa huo huo wa Mtwara, na ndani yake sheria ya hifadhi za bahari ya 1994 haikuruhusu kuvua samaki wa mapambo bila kibali. Ukishamtoa samaki baharini, ni wako mpaka mwisho.

Nilipoondoka mwezi wa Oktoba samaki wanne walikuwa wamerudi tangini, kangaja amenenepa. Ukutani mjomba amebandika karatasi yenye mistari mitano: hesabu pumzi asubuhi, soma joto, maji yakipungua ongeza ya mvua matupu, lisha wanachokimaliza ndani ya dakika mbili, Jumamosi pima chupa kwa mizani. Amenituma salamu juzi: namba ya wiki hii ni 255.9.

Jipime

Umekabidhiwa tangi la lita 200. Chumvi yake ni 42, pH 7.5, amonia 1.5, samaki wote wanahema juu. Utatoa lita ngapi na kuweka maji baridi ili chumvi ifike 35? Ukikokotoa utapata kama lita 33. Sasa swali lenyewe: utazibadilisha kwa siku ngapi, na kwa nini usizimalize leo?